Somo: Kutembelea Teatro Nacional ya San José, Costa Rica, kwa jicho la mkulima wa kahawa

Wapendwa, mimi nimekulia kihambani, Kilimanjaro, migomba juu na mibuni kivulini mwake. Ndiyo maana jengo hili, ukumbi wa taifa wa maonyesho ya jukwaani, limenikaa moyoni. Lilifunguliwa tarehe 21 Oktoba 1897, na ujenzi wake ulianza kwa ushuru uliotozwa kahawa iliyouzwa nje ya nchi. Ingia ukilijua hilo.

Hatua ya 1: Nenda asubuhi. Kuanzia Mei, mvua ya San José hupenda kushuka baada ya saa sita mchana. Jengo liko katikati ya mji, kando ya Plaza de la Cultura. Kabla hujalipa, muulize mkata tiketi kama ziara inayofuata ni ya Kihispania au ya Kiingereza, na kama ukumbi mkubwa uko wazi. Maonyesho bado yanafanyika humo, hivyo siku ya mazoezi unaweza kuukosa.

Hatua ya 2: Anzia nje. Juu ya paa kuna sanamu tatu: Dansi, Muziki na Sifa. Mbele wamewekwa Beethoven na Calderón de la Barca, mtunzi wa tamthilia wa Hispania. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 3: Ngazi. Hapa usikubali kuharakishwa. Wageni wengi hupanda wakishangaa marumaru na dhahabu. Wewe inua uso utazame dari. Utaona mchoro mkubwa wa Aleardo Villa, Mwitaliano, wa mwaka 1897: wavunaji wa kahawa na ndizi, na nyuma yao bahari na meli.

Nilisimama pale mpaka shingo ikauma. Kahawa ya nchi ile ni ya milimani kama yetu, lakini Villa ameishusha pwani. Wachumaji wamevaa nguo safi, hakuna tope wala utomvu. Na yule mwanamume wa katikati! Mkungu ameukumbatia namna ambayo hakuna mvunaji angeushika. Kwetu mama huutwika kichwani juu ya ngata, mkono mmoja ukiushikilia, na nguo ya kazi hiyo huwa na madoa ya utomvu yasiyotoka hata kwa sabuni. Villa aliuchora mchoro huu kwao Italia.

Mwongozaji wetu aliyaeleza makosa hayo mwenyewe, bila kuficha. Nilimheshimu sana.

Hatua ya 4: Ukumbi mkubwa. Umejengwa kwa umbo la kiatu cha farasi. Muulize mwongozaji kuhusu sakafu: ilibuniwa iweze kunyanyuliwa kwa winchi ya mkono hadi ilingane na jukwaa, ukumbi ugeuke uwanja wa dansi. Akikuruhusu, kaa kwenye kiti, unyamaze kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Bukoba: Dada, ushuru huo alilipa mkulima mdogo au tajiri?*
Kaka, ulitozwa kahawa inayosafirishwa, kwa hiyo uliwagusa kwanza wenye kahawa ya kuuza nje. Baadaye ukaondolewa, ikaja kodi ya bidhaa zinazoingia nchini. Hapo hata mnunuzi wa kitambaa dukani alichangia jengo, awe ataingia humo au la. Mimi naona hili lingestahili kuelezwa kwa urefu kuliko dhahabu.

*Kutoka Mombasa: Nasikia kule kuna matetemeko. Jengo ni salama?*
Tetemeko la Aprili 1991 liliharibu jengo, likafungwa ili litengenezwe. Leo linapokea wageni na maonyesho kama kawaida.

*Kutoka Muscat: Picha zinaruhusiwa? Na mavazi?*
Uliza mlangoni kuhusu picha, na mwanga wa kamera uuzime, michoro ni ya zamani. Mavazi ya heshima ya kawaida yanatosha.

*Kutoka Moshi: Mwanangu, mchoro huo nitauonaje bila kusafiri?*
Shikamoo mama. Ulichapishwa nyuma ya noti ya koloni 5 (koloni ni fedha ya Costa Rica), ambayo haitumiki tena. Watalii huinunua kama kumbukumbu. Mwombe anayesafiri akuletee. Mimi nilimletea baba moja. Aliisogeza dirishani, akavaa miwani, akaniuliza kahawa ya kule huchumwa mwezi gani. Kisha akaweka kidole juu ya yule mwanamume wa katikati, akasema, "Huyu atauangusha huo mkungu."