Kabambe yenye redio inaweza kurekodi somo

Kama nyumbani hakuna simujanja wala bando, usiidharau kabambe, ile simu ya vibonyezo. Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020, masomo ya KICD, taasisi ya kuandaa mitaala, yalisikika kwenye KBC, redio ya taifa, lakini mwalimu wa redio hangoji mtu. Ukiinama kuchonga penseli, ameshapita.

Simu nyingi za vibonyezo zenye redio ya FM zina sehemu ya kurekodi. Tia memori kadi kwanza. Chomeka waya wa masikioni hata kama utasikiliza kwa spika, maana kwenye simu nyingi waya huo ndio antena. Fungua redio, bonyeza Chaguo, tafuta Rekodi. Fanya majaribio siku moja kabla, hata kwa matangazo ya vifo, kwani kuna simu zinazorekodi ukimya mtupu na hutajua mpaka somo liishe. Betri nayo iwe imejaa.

Ukimaliza, ipe faili jina papo hapo: somo, gredi, tarehe. Mimi nilizembea, nikabaki na rundo la namba nisizozielewa.

Faida yenyewe huja siku ya pili. Mtoto anasikiliza na daftari mkononi, anasimamisha kila swali linapoulizwa, anaandika jibu lake, ndipo anaachilia mwalimu aendelee. Watoto watatu wanne wanaweza kuizunguka simu moja. Aliyekosa, mpelekee kadi jioni, ila mwambie airudishe kabla ya kipindi kijacho.