Kuhuisha ithibati ya chuo NACTVET (Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, Tanzania): anzieni hapa

Someni tarehe ya mwisho kwenye cheti chenu cha ithibati (utambuzi rasmi wa ubora wa chuo), kisha jipeni angalau muhula mzima kabla ya siku hiyo. Kukusanya nyaraka kunakula muda kuliko mkuu wa chuo anavyodhani.

Jueni kwanza mnachoomba. Kuhuisha ithibati ni ombi moja. Kuongeza programu, au kupanda kutoka ngazi ya 5 (astashahada) hadi ya 6 (stashahada), ni jingine. Vyuo vya ufundi stadi vilivyozoea kusajiliwa na VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) navyo sasa viko chini ya NACTVET.

Kazi yenyewe ni ripoti ya kujitathmini. Msinakili ya zamani na kubadili mwaka, maana Baraza linayo. Anzeni na mapendekezo mliyoachiwa mara ya mwisho, mchore jedwali la safu tatu: walichosema, mlichofanya, ushahidi uko wapi. "Tumeboresha maktaba" si ushahidi. Ankara ya vitabu ni ushahidi, na daftari la kuazima lenye sahihi za wanafunzi wa mwezi uliopita ni ushahidi mzuri zaidi.

Kwa wakufunzi, fungueni faili la kila mmoja: vyeti, mkataba, usajili wake. Yawekeni mafaili hayo kando ya ratiba ya vipindi, mlinganishe jina kwa jina. Mkataba ulioisha Juni huku mwenyewe yumo kwenye ratiba ya Oktoba, mtathmini ataubaini kabla hajamaliza chai.

Angalieni pia kama mtaala bado uko ndani ya muda wake. Hati za usajili, umiliki au upangaji wa majengo na hesabu zilizokaguliwa ziwe tayari.

Ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Anayetaka mtume pesa kwa simu yake "aharakishe" mambo, achaneni naye. Tunzeni stakabadhi.

Ugeni wa Baraza ukifika utaingia karakana na kuzungumza na wanafunzi faragha. Mashine ya kuchomelea ambayo bado imo kwenye nailoni yake inajieleza yenyewe. Kuazima kompyuta za chuo jirani kwa siku moja nako ni kujidanganya: mwanafunzi akiulizwa huwa anazitumia lini, atajibu.

Mkipewa masharti, jibuni sharti kwa sharti kwa maandishi, na ushahidi nyuma yake. Tangazo la udahili lisubiri barua ya Baraza.