Kutoka Mchezaji wa Kuhamahama hadi Kocha: Mwongozo kwa Walio Dodoma

Mchezaji wa soka aliyezunguka timu nyingi bila kukaa misimu mitatu mahali pamoja hujiona hana jina, ilhali amefundishwa na makocha wengi kuliko nyota wa timu moja, na hiyo ndiyo mali yake ya kwanza. Kwa hiyo anza kabla hujatundika daluga: nunua daftari la kaunta, na kila jioni baada ya mazoezi andika zoezi lilivyopangwa, umbali wa koni, muda wa kupumzika na alichosema kocha mambo yalipoharibika.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupatikana kwa ngazi, D, C, B kisha A, kupitia kozi zinazosimamiwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Kozi hizo hula fedha na muda, basi weka akiba ungali unalipwa.

Wakati huohuo tafuta watoto wa kufundisha. Uwanja wa vumbi wa mtaani na mipira minne vinatosha, lakini panga mazoezi alfajiri au baada ya saa kumi jioni, maana jua la Dodoma halina huruma na upepo wa kiangazi hupeperusha hata koni. Timu ya Dodoma Jiji inapocheza Uwanja wa Jamhuri, usifuate mpira kwa macho kama shabiki; mtazame beki wa upande wa pili, mpira ukiwa mbali naye, uone anavyojipanga. Binafsi naona dakika 90 za namna hiyo hufundisha kuliko mihadhara miwili.

Kazi ya kwanza huwa ya usaidizi, na mara nyingi ni kubeba koni. Ikubali, ila dai mkataba wa maandishi.