Jinsi ya Kupanga Miaka ya Historia ya Biblia kwa Maandiko Yenyewe, Kuanzia Adamu hadi Kuanguka kwa Yerusalemu

Mwongozo huu umetokana na kazi niliyoifanya pamoja na walimu wa Shule ya Jumapili wa usharika mmoja hapa Nyakato, Mwanza, waliokuwa wakiandaa masomo ya wafalme kwa vijana wa kipaimara. Swali lililowakwamisha lilionekana dogo: tangu Sulemani alipokufa, ufalme ukagawanyika kuwa Yuda na Israeli ya kaskazini, hadi Yehu alipotwaa kiti cha enzi cha Israeli, ilipita miaka mingapi? Mwalimu mmoja alijumlisha wafalme wa Yuda akapata 95, mwenzake akajumlisha wafalme wa Israeli akapata 98, na wote wawili walikuwa wamesoma sawasawa. Jibu ni 90. Sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu namna 95 na 98 zinavyofika kwenye 90, kwa sababu asiyeielewa hatua hiyo atabaki kunakili majedwali ya watu wengine.

Hatua ya kwanza: vifaa

Tafuta Biblia, kauntabuku yenye mistari, rula na penseli. Kalamu ya wino iweke mbali hadi mwisho. Majedwali yaliyochapishwa nyuma ya Biblia za kujifunzia yafunike kwa karatasi, maana yanatoa tarehe bila kuonyesha andiko lililozaa kila tarehe, na mtu akishayaona huanza kulazimisha hesabu yake ifanane nayo. Programu ya majedwali kwenye kompyuta hujumlisha haraka, lakini mimi siipendi kwa kazi hii, kwa kuwa haikulazimishi kuandika sababu ya kila tarakimu.

Kila mstari wa daftari uwe na jina, andiko, mwaka wa kuzaliwa, umri wa kumzaa mwana anayefuata, na nafasi pana ya maelezo. Usiandike KK popote kwa sasa.

Hatua ya pili: kutoka Adamu hadi Abrahamu

Adamu mpe mwaka 0, kisha fuata Mwanzo 5. Mstari mmoja unasomeka hivi: Yaredi, Mwanzo 5:18, alizaliwa mwaka 460, alimzaa Henoko akiwa na miaka 162, kwa hiyo Henoko alizaliwa mwaka 622. Endelea hadi Nuhu, mwaka 1056, uongeze 600 za Mwanzo 7:6, na gharika inakuja mwaka 1656. Jaribu hesabu yako kwa Methusela, aliyezaliwa mwaka 687 akaishi miaka 969: anakufa mwaka 1656, mwaka uleule wa gharika. Ukimkuta hai baada ya maji, rudi juu utafute kosa.

Kuna mahali pawili pa kuangalia. Mwanzo 5:32 inawataja Shemu, Hamu na Yafethi pamoja Nuhu alipokuwa na miaka 500, lakini Mwanzo 11:10 inasema Shemu alikuwa na miaka 100 alipomzaa Arfaksadi, miaka miwili baada ya gharika. Basi Shemu alizaliwa Nuhu akiwa na miaka 502, na Arfaksadi anaangukia mwaka 1658. Hali ni hiyohiyo kwa Tera. Wanawe watatu wanatajwa alipokuwa na miaka 70, lakini alikufa Harani akiwa na miaka 205, na Matendo 7:4 inasema Abramu alihama baada ya kifo cha baba yake, naye alikuwa na miaka 75. Toa 75 katika 205, unapata 130. Tera alizaliwa mwaka 1878, kwa hiyo Abramu alizaliwa mwaka 2008 badala ya 1948. Mimi nafuata 2008, ingawa 1948 naiandika pembeni.

Biblia zetu za Kiswahili zinafuata maandishi ya Kiebrania. Tafsiri ya kale ya Kiyunani ina umri mkubwa zaidi kwa mababu wengi, hivyo ukikutana na mtu anayeiweka gharika mwaka 2262 au 2242, usigombane naye kabla hujamuuliza anasoma maandishi gani.

Hatua ya tatu: Misri, jangwa na Waamuzi

Tangu Abramu alipoondoka Harani hadi Yakobo aliposimama mbele ya Farao ni miaka 215, yaani 25 hadi Isaka, 60 hadi Yakobo, na 130 za Mwanzo 47:9. Kisha kuna swali la miaka 430. Kutoka 12:40 inaonekana kuihesabu yote ndani ya Misri, na Wagalatia 3:17 inaihesabu tangu ahadi hadi torati, jambo linaloacha miaka 215 tu ya Misri. Mimi naegemea hesabu fupi kwa sababu ya Kutoka 6:16-20. Kohathi aliingia Misri pamoja na Yakobo, akaishi miaka 133, Amramu akaishi 137, naye Musa alikuwa na miaka 80 wakati wa kutoka. Hata ukizipanga kana kwamba kila mmoja alimzaa mwanawe siku ya kufa kwake, jumla ni 350, na 430 haifiki. Wanaopinga husema orodha hiyo imeruka vizazi, na hoja yao si nyepesi. Weka safu mbili.

Waamuzi usiwajumlishe. Miaka inayotajwa katika kitabu chao inafika 410, na ukiongeza 40 za jangwani, 40 za Eli, 40 za Daudi na mwanzo wa Sulemani, unaipita 480 ya 1 Wafalme 6:1 kabla hujamgusa Yoshua, Samweli wala Sauli. Walipishana: Samsoni aliamua katika siku za Wafilisti, kama Waamuzi 15:20 inavyosema wazi. Tumia 480 kuruka kutoka safari ya Misri hadi mwaka wa nne wa Sulemani.

Hatua ya nne: wafalme wa falme mbili

Hapa tulie, kwa maana ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Jumla ya miaka ya wafalme si urefu wa muda uliopita. Urefu wa muda unapimwa kwa mistari inayomlinganisha mfalme wa upande mmoja na mwaka wa mfalme wa upande wa pili, na jumla inakuja baadaye kuthibitisha.

Anza na marais wetu. Rais Kikwete aliapishwa tarehe 21 Desemba 2005, Rais Magufuli akaapishwa tarehe 5 Novemba 2015, akafariki tarehe 17 Machi 2021. Karani anayehesabu kila mwaka wa kalenda ambao rais aliugusa atampa Kikwete miaka 11, kuanzia 2005 hadi 2015, na Magufuli 7, kuanzia 2015 hadi 2021, jumla 18. Karani wa pili anamwachia rais aliyetangulia mwaka wa kuapishwa kwa rais mpya, na kuanza kumhesabia mpya Januari inayofuata. Huyo atampa Kikwete 10 na Magufuli 6, jumla 16, na hiyo ndiyo tofauti halisi kati ya 2005 na 2021. Hakuna karani aliyedanganya. Wa kwanza amezidisha mwaka mmoja kwa kila rais.

Israeli ya kaskazini ilihesabu kama karani wa kwanza. Fungua 1 Wafalme 15:25-28: Nadabu alianza katika mwaka wa pili wa Asa, akauawa katika mwaka wa tatu wa Asa, na anaandikiwa miaka miwili. Baasha alianza mwaka wa tatu wa Asa, akatawala miaka 24, na mwanawe Ela alianza mwaka wa 26 wa Asa, wala si wa 27. Sasa orodhesha: Yeroboamu 22, Nadabu 2, Baasha 24, Ela 2, Omri 12, Ahabu 22, Ahazia 2, Yoramu 12. Jumla ni 98, wafalme ni wanane (Zimri wa siku saba hana mwaka), toa nane, unapata 90.

Omri atakusumbua. 1 Wafalme 16:23 inasema alianza mwaka wa 31 wa Asa akatawala miaka 12, lakini 16:29 inasema Ahabu alianza mwaka wa 38. Kati ya 31 na 38 miaka 12 haiingii. Soma mistari ya juu: Zimri alikufa mwaka wa 27, watu wakagawanyika, nusu kwa Tibni na nusu kwa Omri. Miaka 12 inahesabiwa tangu mwaka huo wa 27, na mwaka wa 31 ni pale Omri alipobaki peke yake.

Yuda ilihesabu kama karani wa pili, kwa hiyo Rehoboamu 17, Abiya 3 na Asa 41 ziache zilivyo. Yehoshafati ana 25, lakini 2 Mambo ya Nyakati 16:12-13 inatuambia kwamba Asa aliugua miguu mwaka wa 39, ugonjwa ukazidi sana, akafa mwaka wa 41. Miaka mitatu hiyo Yehoshafati alikwisha kutawala pamoja na baba yake, hivyo inatolewa, zinabaki 22. Nakiri kwamba andiko halisemi neno kwa neno kuwa walitawala pamoja. Ni hitimisho linalotokana na ulinganifu wa miaka, tofauti na Uzia na Yothamu, ambao 2 Wafalme 15:5 inaeleza wazi kwamba mwana alisimamia nyumba ya mfalme baba alipokuwa na ukoma.

Baada ya Yehoshafati, Yuda ilibadilisha hesabu kwa muda. Yehoramu alimwoa binti Ahabu, na inaonekana desturi ya kaskazini iliingia pamoja na bibi huyo. Ushahidi wake unapendeza: 2 Wafalme 8:25 inasema Ahazia wa Yuda alianza mwaka wa 12 wa Yoramu, na 9:29 inasema mwaka wa 11. Ni mwaka uleule, umeandikwa kwa hesabu mbili. Kwa hiyo 8 za Yehoramu zinakuwa 7, na 1 ya Ahazia inakuwa 0, kwa kuwa alianza na kufa ndani ya mwaka mmoja. Jumlisha: 17, 3, 41, 22, 7. Ni 90. Yehu aliwaua Yoramu wa Israeli na Ahazia wa Yuda kwa pamoja, basi pande zote mbili zinapaswa kufika hapo.

Mpangilio huu wa hesabu mbili ulifafanuliwa katika karne ya 20 na Edwin Thiele, mtaalamu wa Marekani, naye aliongeza jambo moja lenye msaada: Yuda ilianza mwaka wa kifalme mwezi wa saba, na Israeli mwezi wa kwanza. Ukitilia shaka, soma Nehemia 1:1 na 2:1, ambapo Kisleu (mwezi wa tisa) inatangulia na Nisani (mwezi wa kwanza) inafuata, na zote mbili zimo katika mwaka wa 20 wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Hilo haliwezekani kama mwaka unaanza Nisani.

Hatua ya tano: kufunga hesabu kwenye tarehe za KK

Hadi hapa hesabu yako ni mtumbwi uliotengenezwa vizuri lakini haujafungwa mwaloni. Biblia haitumii KK, kwa hiyo lazima utafute tukio linalotajwa pia na mataifa jirani. Waashuru waliweka orodha ya miaka yao, na ndani yake kuna kupatwa kwa jua kunakotambuliwa na wanaastronomia kuwa ni kwa tarehe 15 Juni 763 KK. Kwa kuhesabu kutoka hapo, vita vya Qarqar, ambako Shalmaneseri wa Tatu anamtaja Ahabu miongoni mwa adui zake, vinaangukia 853 KK, na kodi aliyotoa Yehu kwa mfalme huyo ni ya 841 KK. Yehu amechorwa kwenye mnara mweusi wa jiwe uliopo katika Makumbusho ya Uingereza jijini London. Kati ya 853 na 841 ni miaka 12. Ahazia wa Israeli 2 na Yoramu 12 ni 14, toa mmoja kwa kila mfalme, ni 12. Ahabu alikufa mwaka wa vita hivyo, na Yehu alilipa kodi mwaka wake wa kwanza.

Sasa panda. 841 na 90 ni 931, mwaka wa ufalme kugawanyika. Sulemani alitawala miaka 40, kwa hiyo mwaka wake wa nne ni 967/966, na kwa 480 Waisraeli walitoka Misri mwaka 1446. Wako wataalamu wanaoiweka safari hiyo karne ya 13 KK, hasa kwa sababu ya jina Ramesesi katika Kutoka 1:11. Hao huichukua 480 kama vizazi 12 vya miaka 40. Askofu James Ussher, aliyechapisha hesabu yake mwaka 1650, aliweka safari ya kutoka Misri 1491 KK, na kwa hesabu fupi ya Misri na mwaka 2008 wa Abramu akafika 4004 KK kwa Adamu. Kwa 1446 na njia hiyohiyo, wewe utafika 3959.

Hatua ya sita: kushuka hadi Babeli

Endelea kwa kanuni zilezile. Fundo moja liache kwa penseli: 2 Wafalme 18:10 inaiweka Samaria, mji mkuu wa Israeli, kuanguka mwaka wa sita wa Hezekia wa Yuda, na 18:13 inaweka uvamizi wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru, mwaka wa 14. Tofauti ni miaka 8, lakini matukio hayo kwa kawaida huwekwa 722 na 701 KK, yaani miaka 21. Wengi hutumia utawala wa pamoja wa Hezekia na baba yake Ahazi, wengine hulifungua kwa njia nyingine.

Kwa Yerusalemu mambo ni mepesi zaidi. Kumbukumbu za Babeli zinaweka kutekwa kwa mji tarehe 2 Adari, yaani 16 Machi 597 KK, katika mwaka wa saba wa Nebukadreza. Yeremia 52:28 nayo inasema wa saba, na 2 Wafalme 24:12 inasema wa nane. Umeshawafahamu makarani hao wawili. Ndiyo maana hekalu lilichomwa mwaka wa 19 kwa 2 Wafalme 25:8, na wafungwa wanaandikiwa mwaka wa 18 katika Yeremia 52:29, na ndiyo maana vitabu vinatofautiana kati ya 587 na 586.

Hatua ya saba: mwaka sifuri

Hakuna mwaka 0 kati ya 1 KK na 1 BK. Kila muda unaovuka hapo, jumlisha namba za miaka yote miwili kisha toa mmoja: 5 KK hadi 30 BK ni miaka 34, si 35. Ndugu zetu Waadventista Wasabato wanalijua hili, kwa kuwa miaka 2300 tangu 457 KK inawafikisha 1844, na si 1843.

Unaponakili kwa wino, andika miaka ya wafalme kwa mkwaju, kama 931/930, kwa sababu mwaka wao uliingia ndani ya miaka miwili ya kwetu, na pembeni ya kila mwaka andika andiko lake. Mstari ambao hauna andiko usiupake wino.