Unatapika kutwa na una watoto wadogo? Andaa usiku

Dada yangu, kama mimba inakutapisha mpaka huwezi kusimama na watoto wanataka kula, kazi ifanye jioni tumbo likitulia kidogo. Mimi hapa Uyole, Mbeya, baridi ya Juni, nilikuwa nachemsha viazi saa 2 usiku, nakata ndizi mbivu asubuhi, nawawekea kwenye sahani za plastiki juu ya mkeka, wanajichukulia wenyewe. Chupa ya uji naiweka juu, wasije wakaungua. Jiko la mkaa asubuhi siwashi kabisa, ile harufu tu ilikuwa inanimaliza. Nafunga komeo la mlango, nalala kwenye godoro sebuleni wakicheza pembeni yangu.

Maji ya ORS (ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) kunywa vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache. Ukimaliza kikombe kwa mkupuo, yote yanarudi.

Na jirani wa kukuachia watoto mpange leo, ukiwa bado una nguvu ya kuongea. Ukishinda siku nzima hata maji hayakai tumboni, au mkojo umekuwa kidogo na mzito kama chai ya rangi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, huenda ukahitaji dripu. Tafadhali usijikaze.