Kabla uchungu haujaanza

Kuna jambo katika takwimu za afya za Tanzania linaloniumiza. Mwaka 2015-16, kina mama 63 katika kila 100 walijifungulia kituoni. Kufikia 2022 walikuwa 81. Lakini vifo vya watoto ndani ya siku 28 za mwanzo vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Tumefika hospitali, na watoto bado wanatuponyoka, wengi wao saa za uchungu au wiki ile ya kwanza: kukosa hewa, kuzaliwa njiti, maambukizi.

Basi mama mjamzito, jiandae kabla ya uchungu. Kliniki anza kabla mimba haijafika wiki 12. Presha ipimwe kila hudhurio. Sehemu yake kwenye kadi ikiachwa wazi, uliza. Pima mkojo, wingi wa damu, VVU na kaswende. Kaswende inaweza kukaa kimya mwilini huku ikimuua mtoto tumboni, na tiba yake ni sindano ya penisilini. Uliyewahi kupoteza mtoto, au kufanyiwa upasuaji, au mwenye mapacha, sema siku ya kwanza kabisa. Wewe si wa zahanati. Panga kuzalia penye chumba cha upasuaji, na usogee karibu nacho mapema.

Mjue mwanao anavyocheza. Jirani yangu, mwenye mimba ya miezi minane, alikaa jikoni, kiganja juu ya kitovu, akisema, "Tangu asubuhi katulia, labda kalala." Tuliondoka saa ileile. Nesi alipopata mapigo ya moyo, sote wawili tulilia. Mtoto akipunguza kucheza usingoje kesho, wala usingoje ukiona damu, chupa ya uzazi ikipasuka, kichwa kikigonga sana au macho yakiona ukungu. Hizo mbili za mwisho huweza kutangulia kifafa cha mimba.

Nauli weka ya usiku, maana bei ya mchana haitakufikisha. Dharura ikizidi, piga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Watu wawili wa kuchangia damu wajulikane sasa. Na mume akiwa safarini, nani ana kauli ya kusema "twende"? Hilo limalizeni mapema, mama mkwe akiwepo.

Mfukoni tia khanga mbili safi, kavu: moja ya kumfuta mtoto, ya pili ya kumfunika akiwa kifuani kwako. Ile iliyolowa iondolewe mara moja, kwa sababu baridi humdhoofisha upesi, njiti zaidi.