Jinsi ya kulinganisha historia za jamii za Marekani bila kushindanisha machungu

Watu wengi wakianza kulinganisha wanaishia kubishana nani aliteseka zaidi, na hapo hamfiki popote maana machungu hayana mizani. Mimi nachofanyaga nachukua swali moja tu, nalipeleka kwa kila jamii vilevile lilivyo.

Chukua swali la uraia. Watu weusi waliozaliwa pale walitambuliwa kuwa raia 1868 kwa marekebisho ya 14 ya katiba, miaka mitatu baada ya utumwa kufutwa. Wenyeji asilia, wenye ardhi yao kabisa, sheria ya kuwapa wote uraia imekuja 1924! Wameksiko waliokutwa kwenye maeneo yaliyotwaliwa vitani waliahidiwa kwenye mkataba wa 1848. Wahamiaji wa Kichina walifungiwa mlango 1882 mpaka 1943, wa Kijapani wakaruhusiwa kuomba uraia 1952. Iandike hiyo miaka kwenye karatasi moja, maswali yatakuja yenyewe, nani alitakiwa mikono yake shambani na nani ilitakiwa ardhi yake tu.

Ila usiishie kwenye sheria, hapa ndo wengi wanakosea. Muulize kila mmoja huo uraia ulimsaidia nini. Kuanzia 1942 watu kama 120,000 wenye asili ya Japani walitolewa majumbani wakafungiwa makambini, na karibu theluthi mbili walikuwa raia, wamezaliwa hapohapo. Watoto wenye asili ya Meksiko kule California nao walikuwa bado wanatengewa shule, mpaka wazazi wakaenda mahakamani wakashinda 1947.

Halafu angalia sana majina ya jumla. Ukisema "Waasia" unapoteza jambo zito: ule mwaka 1943 Wachina wanafunguliwa mlango kwa sababu China ilikuwa mshirika wa Marekani kwenye vita dhidi ya Japani, Wajapani wako nyuma ya seng'enge. Kwa hiyo tenganisha kwanza, jumlisha baadaye kama bado kuna haja.

Mwisho tafuta sauti zao wenyewe, maana sheria inaandikwa na aliyeshika kalamu. Pale kisiwa cha Angel, ghuba ya San Francisco, Wachina waliozuiliwa kati ya 1910 na 1940 walichonga mashairi kwenye kuta za mbao na mengine bado yapo. Yasome hayo kabla hujaandika sentensi yako ya kwanza kuhusu Wachina, na ufanye hivyohivyo kwa kila jamii uliyoiweka kwenye ile karatasi.